Gari ya Kawaida Itulie Barabarani: Pesa Ianzie Wapi

Mtu akinunua Toyota IST au Honda Fit, vitu viwili vya kwanza anavyoulizia gereji ni spesa za kunyanyua na rimu kubwa. Baada ya miezi michache analalamika kwamba gari inayumba ikipishana na basi, usukani unatetemeka mwendo ukifika 90, na matairi ya mbele yameliwa upande mmoja. Fundi naye anamshauri aongeze kitu kingine. Pesa inatoka kila mwezi na gari haitulii, kwa sababu kazi imeanzia mwisho.

Mpangilio wangu ni huu: matairi, kisha vyuma na raba zilizolegea, kisha shokapu, kisha alaimenti (mwelekeo wa magurudumu), kisha breki. Mapambo yanafuata ikibaki chenji. Gari nyingi zinazoonekana "hazina balansi" hazihitaji kuongezewa kitu. Zinahitaji kurudishwa zilivyokuwa zilipotoka kiwandani, na mwenye gari iliyotembea kilomita 150,000 akishafanya hivyo atashangaa kwamba hamu ya kuibadilisha zaidi imepungua.

Mfano wangu ni IST ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, kwa kuwa imejaa mitaani na chini yake pamejengwa kama gari nyingi ndogo. Mbele, shokapu na springi vimeunganishwa kuwa mguu mmoja, na chini ya mguu huo kuna wishiboni moja kila upande, yaani mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu. Nyuma kuna bimu moja inayounganisha magurudumu mawili. Vitz, Fit, Demio na Note za kuvuta mbele ziko hivyo kimsingi. Mwenye Mark X au Crown ana mikono mingi zaidi chini, hasa nyuma, kwa hiyo orodha yake ya bushi (raba za kwenye maungio) itakuwa ndefu, ila mpangilio ni uleule.

Hatua ya kwanza: ijue inaumwa nini

Usinunue spea yoyote kabla hujaiendesha kwa nia ya kuisikiliza tu. Zima redio, shusha vioo, tafuta kipande cha lami kilichonyooka na kisicho na foleni. Ukiwa kwenye 60, legeza mikono bila kuuachia usukani. Ikielekea kushoto taratibu usiogope: barabara zimeinamishwa pembeni ili maji ya mvua yatoke, na sisi tunapita kushoto. Ikivuta kulia, au ikikimbilia kushoto kwa haraka, hapo kuna jambo. Kanyaga breki kwa nguvu ya wastani uone kama inakwenda upande. Pita kwenye tuta dogo uhesabu gari inanesa mara ngapi baada ya kushuka. Shokapu nzima hunesa mara moja, kisha gari inatulia.

Milio nayo inasema mengi. "Tok-tok-tok" nyepesi kwenye vishimo vidogo mara nyingi ni stabilaiza linki, kifimbo kinachounganisha mguu na stabilaiza, ile fito inayozuia gari kulala kwenye kona. "Ngo!" moja nzito unapokanyaga breki au unapoondoa gari, angalia bushi za wishiboni. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na unaozidi ukikata kona ya kulia, hutoka kwenye beringi ya gurudumu la kushoto, maana uzito umehamia huko. "Ka-ka-ka" unapoondoka usukani ukiwa umepinda mpaka mwisho ni sivi jointi, kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu.

Halafu inyanyue gari kwa jeki, gurudumu moja moja, huku mengine yamewekewa vizuizi. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, beringi ndiyo mbovu. Ukibaki, tazama boljointi, kiungo cha duara kati ya wishiboni na gurudumu. Kisha shika kushoto na kulia utikise tena: mchezo wa hapo ni wa tairodi au rakendi, fito zinazopeleka mwendo wa usukani kwenye gurudumu. Kwa bushi, fundi achomeke mtaimbo kati ya wishiboni na bodi aupinde kidogo, na wewe uone kwa macho yako raba imechanika au la. Usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, na tofali la saruji si stendi. Hupasuka bila kukuonya.

Andika yote uliyoyaona kwenye simu kabla ya kwenda kuuliza bei, maana mwenye duka la spea atakuuliza unataka nini, na asiyejua jibu huuziwa kilichopo.

Hatua ya pili: matairi na upepo

Gari nzima inashika barabara kwa sehemu nne, kila moja ikiwa na ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Breki, kona, kumkwepa bodaboda aliyekatiza ghafla, vyote vinapita hapo. Kwa hiyo matairi mazuri kwenye shokapu za wastani yatakusaidia kuliko shokapu za bei mbaya juu ya matairi yaliyokauka.

Anza na upepo, kwa sababu karibu ni bure. Fungua mlango wa dereva, tazama kibandiko kwenye nguzo. Kwa gari ya Japani maandishi ni ya kwao lakini namba zinasomeka: tafuta kPa, kipimo cha upepo. 220 ni karibu psi 32, 230 ni 33 na kidogo, 240 ni karibu 35. Pima asubuhi kabla gari haijatembea, kwa geji yako mwenyewe, kwa sababu geji za barabarani zimeanguka chini mara nyingi kuliko mwenyewe anavyokumbuka. Na ukimwambia mtu wa pancha "jaza" bila kutaja namba, usishangae ukipewa 40. Tairi lenye upepo mwingi hukanyaga kwa katikati tu: gari inaruka kwenye makorongo madogo, na kwenye lami yenye maji breki inarefuka. Lenye upepo mdogo hujikunja kwenye kona, na usukani unachelewa kujibu.

Sasa soma namna tairi lilivyolika. Kuisha katikati ni upepo mwingi, kuisha kingo zote mbili ni upepo mdogo. Kuisha ukingo mmoja ni alaimenti au chuma kilichopinda. Mabonde mabonde kuzunguka tairi ni shokapu iliyokufa. Jaribu na hili: pitisha kiganja polepole juu ya kashata (meno ya tairi) kutoka ndani kwenda nje, kisha rudi. Ikiwa upande mmoja mkono unateleza na ukirudi unakwaruzwa na ncha kali, magurudumu yanaburuzwa pembeni badala ya kuviringika sawasawa. Mkono unalijua hilo kabla jicho halijaona.

Kwenye ubavu tafuta namba nne za mwisho za mstari wa DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanaiweka miaka 10 kuwa ukomo, hata kashata ikiwa bado ndefu. Kwenye jua letu mimi huanza kulishuku tairi lenye miaka sita, na nikiona mipasuko midogo ubavuni silijadili tena.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Gari zinazotoka Japani, hasa kwenye mikoa ya theluji kama Hokkaido, mara nyingine hufika zikiwa na matairi ya barafu, na matairi hayohayo huuzwa pia mtumba yakiwa na kashata nene ya kuvutia. Utayajua kwa neno STUDLESS ubavuni na kwa mikato midogo mingi mno iliyochanjwa kwenye kila jino. Raba yake imefanywa laini makusudi ili isiwe ngumu kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Dar saa nane mchana ulaini huo unazidi: gari inaelea kwenye kona, breki inachukua umbali mrefu, na kashata nene uliyoipenda inaisha mbele ya macho yako. Kama gari yako inayumba tangu siku uliyoitoa bandarini, tazama hapo kabla hujamlaumu mtu.

Ukubwa: 185/65R15 88H ni upana wa milimita 185, ubavu wa asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15, uwezo wa kubeba kilo 560 kwa kila tairi, na mwendo wa mwisho kilomita 210 kwa saa. Namba ya mzigo isishuke chini ya ile ya kiwandani. Ukihama kwenda 195/65R15 tairi linakua kwa milimita 13 kwa kipenyo, gari inapanda milimita sita na nusu, na spidi mita inasoma pungufu kwa asilimia mbili. Hayo yanavumilika, mradi tairi lisiguse plastiki ya ndani ya fenda usukani ukipindwa mpaka mwisho na gari ikiwa na watu watano.

Ukiweza kununua mawili tu, yafunge nyuma. Najua fundi atataka kuyafunga mbele kwa kuwa gari inavuta mbele. Lakini mbele ikiteleza unaisikia kwenye usukani, na ukiondoa mguu kwenye mafuta inarudi. Nyuma ikiteleza kwenye mvua gari inageuka, na dereva wa kawaida hana muda wa kuirudisha.

Hatua ya tatu: ondoa plei (mchezo)

Kila jointi iliyolegea ni milimita kadhaa ambazo gurudumu linajiamulia lenyewe pa kuelekea. Plei ndogo kwenye tairodi, nyingine kwenye boljointi, nyingine kwenye bushi, na kwa pamoja unapata gari inayotaka kurekebishwa usukani muda wote kutoka Chalinze mpaka Morogoro. Mtu anafika amechoka mabega akidhani ni umri.

Boljointi zitangulie, bila mjadala. Ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari, na haichagui mahali. Zifuate tairodi na rakendi, halafu bushi za wishiboni, hasa ile kubwa ya nyuma ambayo ndiyo inayopokea nguvu ya breki. Linki za stabilaiza ni rahisi kwa bei na kwa kazi, kwa hiyo wengi huanza nazo. Si vibaya, ila zinaondoa kelele zaidi ya hatari. Usisahau bushi mbili za bimu ya nyuma. Zikifa, mkia wa gari unajiendesha: upepo wa Makambako ukipiga ubavuni, au lori likikupita, unahisi nyuma inahama kabla ya mbele. Mafundi wengi hawazitazami kwa sababu hazipigi kelele.

Kuhusu spea, nunua jina linalojulikana kutoka kwa muuzaji anayekuandikia risiti na anayekubali kurudishiwa. Boljointi na tairodi za 555 za Japani zinaaminika sana Afrika Mashariki, na kwa sababu hiyohiyo feki zake ni nyingi. Angalia maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi. Bushi za kuchonga kwa raba ya tairi kuukuu zitakufikisha nyumbani. Zisikae kwenye gari, maana ugumu wake hauna kipimo na kila moja ina tabia yake. Na kama bushi ya mtumba inakuja na wishiboni yake, kumbuka raba ile ina umri uleule wa gari ilikotolewa.

Hapa sasa pana jambo linaloua bushi mpya kuliko mashimo yote ya mtaani kwetu. Bushi ya wishiboni ni raba iliyogandishwa kwenye bomba la chuma la ndani. Boliti ikishakazwa, bomba lile halizunguki tena, na kinachojipinda ni raba. Fundi akikaza boliti gari ikiwa juu ya jeki na gurudumu likining'inia, ameifunga raba ikiwa kwenye pembe ya kuning'inia. Gari ikishuka, raba inabaki imesokotwa saa 24, hata gari ikiwa imeegeshwa. Baada ya miezi michache imechanika, na wewe unaambiwa spea za siku hizi hazina ubora.

Kwa hiyo mwambie mapema: "Fundi, hizi boliti shika tu, usikaze mwisho. Tushushe gari kwanza."

"Bosi wangu, miaka yote nakaza hivihivi."

"Najua, fundi. Leo tushushe, muda wako nitaulipia."

Gari ishuke kwenye magurudumu yake, iwe juu ya shimo la gereji au kwenye ubao imara. Mkandamize mbele mara mbili tatu ikae mahali pake, ndipo boliti zikazwe mwisho. Ni kazi ya dakika chache za ziada. Sheria hii inazihusu bushi za bimu ya nyuma pia, na za mikono yote ya Mark X.

Hatua ya nne: shokapu

Shokapu haibebi gari. Anayebeba ni springi, na kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kunesa. Ndiyo maana gari iliyolala nyuma haitanyanyuka kwa kubadilishiwa shokapu, na ndiyo maana springi ngumu juu ya shokapu zilizochoka hutoa gari inayorukaruka zaidi ya mwanzo. Kabla ya kununua, chukua futi kamba upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote nne, gari ikiwa tupu kwenye sakafu iliyolingana. Kushoto na kulia zikitofautiana zaidi ya sentimita moja na nusu, kuna springi iliyovunjika au kulegea, na hiyo ibadilishwe pamoja na mwenzake.

Shokapu iliyokufa huvuja mafuta, hula tairi kwa mabonde, na hufanya pua izame sana kwenye breki. Ile ya kuikandamiza kona ya gari uone inavyorudi inasaidia kwa shokapu iliyokwisha kabisa tu. Iliyochoka nusu itakudanganya.

Badilisha kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma. KYB ni chaguo la kawaida na la busara: kampuni hiyo imetengeneza shokapu za kiwandani za gari nyingi za Japani, kwa hiyo hupati kitu kigeni. Ngumu za kimichezo zina raha yake kwenye lami safi, lakini kwa mtu ambaye mwisho wa safari yake ni kilomita mbili za vumbi la makorongo, gari ngumu huruka, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Mtumba wa Dubai au Japani siununui hapa. Hakuna namna ya kuujua mafuta yake yamechoka kiasi gani kwa kuukandamiza dukani.

Mguu ukishafunguliwa, badilisha na maunti ya juu (kishikizi cha mguu kwenye bodi), raba ya kuzuia kugonga na mfuko wa vumbi. Ufundi wa kuufungua utalipa mara moja tu. Maunti mbovu ndiyo inayofanya springi ijikunje na kuruka kwa mlio ukizungusha usukani gari ikiwa imesimama.

Simama hapo hapo fundi akifunga, utazame mambo matatu. Springi ibanwe kwa kifaa chake, si kwa kamba wala nondo, kwa sababu springi iliyobanwa ikifyatuka inaua. Shokapu mpya isimamishwe wima na kupampiwa mara kadhaa kabla ya kufungwa, ili hewa iliyoingia wakati imelazwa itoke. Na hili la mwisho ndilo linalonikera: fundi anapokaza nati ya juu, fimbo ya shokapu inazunguka, naye anaikamata kwa plaizi. Ile fimbo inang'aa kwa sababu inapita ndani ya sili ya mafuta. Mkwaruzo mmoja wa plaizi unaichana sili kila tuta, na baada ya muda mfupi shokapu mpya inavuja. Juu ya fimbo pametengenezwa mahali pa kushikia, ama tundu la alini (la pembe sita) ama pande mbili bapa. Pashikwe hapo.

Wenye Subaru Forester ya kizazi cha SG, ile ya kuanzia 2002, wana jambo lao. Baadhi zilikuja na shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe gari ikibeba mzigo, na springi zake zilifanywa laini kwa kutegemea hizo shokapu. Ukiweka shokapu za kawaida bila kubadili springi, nyuma inakaa chini. Vinunuliwe vyote viwili kwa pamoja.

Hatua ya tano: alaimenti, sasa ndiyo zamu yake

Kufanya alaimenti kwenye gari yenye plei ni kuchora mstari kwenye maji. Inafanywa baada ya hatua ya tatu na ya nne, na irudiwe kila mara tairodi, rakendi au mguu wa mbele ukifunguliwa.

Kwenye IST na ndugu zake kinachorekebishika kutoka kiwandani ni kimoja: matairi ya mbele yanavyobana au kutanuka kwa mbele, mstari ulioandikwa Toe kwenye karatasi ya mashine. Kemba, yaani tairi kulala ndani au nje, haina marekebisho yake mbele, na bimu ya nyuma hairekebishiki kabisa. Kwa hiyo kemba ya upande mmoja ikisoma tofauti sana na mwenzake, usikubali kuambiwa "imekaa sawa". Kuna kitu kimepinda: mguu, nako (chuma kinachobeba gurudumu), au bodi iliyowahi kugonga.

Fika ukiwa umeweka upepo sahihi na umetoa mizigo ya buti. Omba karatasi ya kabla na ya baada. Ukiona namba hazijabadilika lakini usukani umenyooka, kilichonyooshwa ni usukani tu, na hiyo si alaimenti. Balansi ya matairi ifanywe siku hiyohiyo, maana mtetemo wa 80 hadi 100 mara nyingi ni wa balansi na watu huudhania alaimenti.

Hatua ya sita: breki

Sitakaa sana hapa. Pedi za kueleweka, diski zisizo na mawimbi, na mafuta ya breki mapya kila baada ya miaka miwili. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 205, na yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi karibu 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye mteremko wa Kitonga, gari imejaa, mtu anakanyaga breki njia nzima badala ya kushusha gia, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama pedali itabaki ngumu au itazama mpaka chini.

Kunyanyua gari

Sina ugomvi na anayenyanyua. Mtaa wenye tuta refu kuliko bampa haujali nadharia. Ila anza kwa kuangalia kama gari imeshuka yenyewe: springi mpya za ukubwa wa kiwandani hurudisha kimo kwenye gari ya zamani, na tairi lenye ubavu mrefu kidogo linaongeza milimita chache bila madhara. Kama bado haitoshi, spesa ya juu ya mguu isizidi sentimita mbili na nusu. Zaidi ya hapo boljointi na sivi jointi zinafanya kazi kwenye pembe ambazo hazikutengenezewa, na kitovu cha uzito wa gari kimepanda juu, kwa hiyo inalala zaidi kwenye kona.

Spesa iwe ya alumini au plastiki ngumu iliyochongwa sawasawa, na boliti zake ziwe ndefu za asili. Boliti iliyoungwa kwa kuchomelea usiikubali hata ukipewa bure. Zile raba zinazopachikwa katikati ya mizunguko ya springi nazo ziache: zinaifunga mizunguko kadhaa isifanye kazi, mzigo wote unahamia kwenye iliyobaki, na hapo ndipo springi hukatika. Ukishanyanyua, rudi kwenye alaimenti, kisha shusha taa za mbele zisimchome macho anayekuja.

Kushusha

Wanaoshusha ni wachache, na wengi wao wanajua wanachotaka, lakini jambo moja la mguu wa mbele wa gari hizi halisemwi vya kutosha. Ukishusha kidogo, sentimita mbili au tatu kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo na shokapu zinazoziendea, gari inatulia kweli. Ukizidisha, wishiboni inavuka mlalo na kuanza kuelekea juu upande wa tairi. Kuanzia hapo ile nukta ambayo bodi inalalia kwenye kona inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kilivyoshuka, na bodi inataka kulala zaidi, si kidogo. Juu ya hayo shokapu imebakiwa na nafasi ndogo, kwa hiyo kila shimo linamalizikia kwenye raba ya kuzuia kugonga. Gari inaonekana ya mashindano na inakata kona vibaya kuliko ya jirani ambayo haijaguswa. Kukata springi kwa grainda au kuzichoma moto zilegee, hiyo tuiache. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kwenye kiti chake gari ikiruka.

Vya mwisho

Kama hatua zote sita zimekamilika na bado unatamani kitu, stabilaiza nene ya nyuma ndiyo inayolipa zaidi kwenye gari ya kuvuta mbele. Gari hizi ukiingia kona kwa mwendo, pua inataka kwenda nje. Nyuma ikiwa ngumu zaidi dhidi ya kulala, pua inatii. Usiifunge juu ya matairi mabovu ya nyuma, kwa sababu hapo inakuletea kuteleza kwa mkia kwenye mvua. Ile fito ya kuunganisha vichwa vya miguu ya mbele chini ya boneti inapendeza ukiwaonyesha marafiki, na kwenye gari ndogo yenye bodi nzima hutausikia utofauti wake kwenda kazini na kurudi.

Rimu ni za mwisho kabisa. Inchi moja juu ya kiwandani inatosha. Mbili zinakuacha na ubavu mwembamba, na shimo la kwanza litapinda rimu. Kwenye IST matundu ya boliti ni manne kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 54.1. Rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa zaidi la katikati ili ziingie gari tofauti, kwa hiyo dai pete za kujazia, la sivyo utapata mtetemo ambao hakuna balansi itakayouondoa. Rimu isitokeze nje kuliko ya asili, maana inaongeza mzigo kwenye beringi na kuufanya usukani uvutwe na kila ufa wa lami. Nati zikazwe kwa mkono kwanza, kwa mtindo wa msalaba, kisha kwa spana ya kipimo hadi Nm 103, si kwa mashine ya hewa mpaka ilie. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100 zipitie tena.